Mbao za kuharibu: jibu kwa mwanagenzi anayetaka kufundisha vijana

Swali: Shikamoo fundi. Nina miaka 33 na nimekaa karakana ya seremala kwa miaka miwili sasa. Napiga msasa, napaka vanishi, nabeba mbao, na fundi akisafiri namalizia kazi ndogo ndogo. Sijawahi kutengeneza mlango peke yangu tangu mwanzo hadi mwisho. Kila jioni kuna vijana sita wa mtaani, wa miaka 14 hadi 19, wanakuja kusimama mlangoni wakiangalia. Watatu wameacha shule. Mzee mmoja aliyestaafu kazi hii yuko tayari kutupa zana zake za zamani. Natamani kuwafundisha, lakini mimi mwenyewe sijaiva. Nisubiri hadi niwe fundi kamili? Na nikianza, nianze na nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale uliposema miaka miwili imepita na hujatengeneza mlango hata mmoja. Hofu yako ya kufundisha inatokea hapo hapo. Hujaiva kwa sababu hujapewa mbao za kuharibu. Hao vijana sita mlangoni nao wanahitaji kitu hicho hicho, kwa hiyo jibu langu kwako na kwao ni moja.

Mimi nilianza kama wewe. Fundi wangu wa kwanza alikuwa na mkono mzuri kuliko wengi niliowaona baadaye, na hakuwa mchoyo wa maarifa, ukimuuliza alikujibu. Ila mwaka wa kwanza wote nilifagia maranda, nikashika upande wa pili wa ubao, nikachemsha gundi. Randa sikuigusa. Hoja yake ilieleweka: mbao zina gharama, mteja anasubiri. Halafu siku moja akaumwa, nikaachiwa mlango wa ndani, wa paneli nne. Nilikuwa nimeiangalia kazi ile zaidi ya mara mia. Nikakata ndimi zote za mbao za kulala, yaani zile ncha zinazoingia kwenye matundu ya mbao za kusimama, kwa kufuata mstari usio wake, nilipoziunga zikacheza ndani ya matundu kama jino bovu. Nilikemewa mbele ya mteja, nikalia njiani. Macho yalikuwa yanajua kila kitu. Mkono haukujua chochote, kwa kuwa haukuwahi kukosea.

Basi usisubiri. Anza yote mawili sasa, kujifunza kwa dhati na kufundisha, kwa sharti moja: uwafundishe kile tu ambacho mkono wako unakiweza, na palipobaki uwaambie wazi kwamba hapo na wewe ni mwanafunzi. Kijana haharibiki kwa kusikia mwalimu akisema "hili sijui, tulijaribu pamoja." Anaharibika akifundishwa uongo kwa sauti ya uhakika.

Hatua ya kwanza ni kuzungumza na fundi wako. Usimwombe akufundishe, kwa kuwa atasema amekufundisha miaka miwili. Mwombe mabaki: vipande vya kuanzia sentimita 30 ambavyo vinakwenda kuchomwa, na saa moja ya benchi baada ya kufunga kazi. Mwombe pia aitazame kazi yako mara moja kwa wiki na kukuonyesha kosa, basi. Mafundi wengi wanaoonekana wabahili wa ujuzi kwa kweli wanalinda muda wao na mbao zao. Ukimwondolea gharama hizo mbili, utashangaa atakavyofunguka.

Na kwenye hayo mabaki, anza na kunoa. Wengi niliowaona wakikata tamaa na useremala walishindwa na patasi butu, wakadhani wameshindwa na mbao. Nitakueleza polepole, kwa sababu hili ndilo litakalokuwa somo lako la kwanza kwa vijana pia.

Ichukue patasi, laza mgongo wake, yaani ule upande bapa, juu ya kinoo, uusugue hadi sentimita mbili za mwisho zing'ae sawasawa bila kivuli. Hilo hufanywa vizuri mara moja, baadaye unalitunza tu. Kisha geuza upande wenye mteremko. Mteremko wenyewe uwe wa digrii 25, na makali yenyewe, kamstari kembamba kama uzi pale mwisho, uyapandishe hadi digrii 30. Kama huna cha kupimia digrii, tumia rula: pima sentimita 12 kutoka kwenye makali kurudi nyuma, uinue hapo hadi pawe sentimita 5 juu ya kinoo. Hizo ni digrii 25. Ukiinua hadi sentimita 6 umefika 30. Sugua kwa utulivu, kisha pitisha kidole mgongoni ukitoka katikati kwenda nje kwenye makali, kamwe usikipitishe kwa kufuata urefu wa makali. Utahisi ukingo mdogo wa chuma umejikunja. Lazima uusikie upana wote wa patasi. Ukiusikia nusu, nusu ile nyingine bado butu. Hapo ndipo unahamia kinoo laini zaidi, unapitisha mgongo mara mbili tatu, unamalizia kwenye kipande cha ngozi.

Sasa ijaribu. Chukua mbao laini, ibane kwenye jiriwa, uisukume patasi kwa mkono mtupu kwenye kichwa cha ubao, pale nyuzi zinapoishia. Ikimenya ganda jembamba na kuacha uso unaong'aa, umenoa. Ikiponda na kuacha vumbi, rudi kwenye kinoo. Mbao ngumu husamehe patasi butu kwa muda; mbao laini haikufichi kosa lolote, ndiyo maana tunajaribia huko.

Ukishanoa, jifunze kuchora. Mstari wa penseli una unene, na kosa lako linakaa ndani ya unene huo. Mahali pa kiungo chora kwa kisu chenye ncha, kisha kata upande wa taka, yaani sehemu itakayotupwa, mstari wenyewe ubaki kwenye kazi. Guni yako, ile zana ya kupimia pembe mraba, nayo ipime kabla ya kuiamini: ikandamize kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora tena kutokea nukta ile ile. Mistari ikilalia pamoja, guni ni mzima. Ikiachana, kosa la guni ni nusu ya pengo unaloliona. Nimekuta karakana ambayo kila dirisha lilipinda upande mmoja kwa miaka, na watu wanalaumu mbao.

Kisha tengeneza kiungo kimoja, ulimi na tundu, mara ishirini. Ulimi uwe karibu theluthi moja ya unene wa mbao. Kwa mbao ya milimita 45, ulimi wa milimita 15. Tundu litangulie, ulimi ufuate kipimo cha tundu, maana ulimi ni rahisi kupunguza, tundu haliwezi kurudishwa. Unaingia vizuri ukisukumwa kwa mkono na kumaliziwa na mapigo mepesi ya nyundo ya mbao. Ukihitaji kupigwa kwa nguvu utapasua. Ukianguka wenyewe, gundi haitakuokoa. Kila kiungo kiandikie tarehe, kisha kipasue katikati kwa msumeno uone ndani kulivyo. Hilo la kupasua watu hawalipendi, na hakuna lililonifundisha haraka zaidi. Nje kila kiungo kinaonekana kizuri.

Kuna somo moja ambalo miaka yako miwili ya vanishi haiwezi kuwa imekupa, nalo ni maji yaliyomo ndani ya mbao. Niliwahi kutengeneza meza ya mbao nzuri mno, nikaukaza ubao wake wa juu kwa skrubu kila upande, imara kabisa, nikajisifu. Haukupita mwaka ikapasuka katikati kwa mlio ulioamsha watu. Sikuwa nimekosea kukata. Nilikuwa nimeufunga mti usihame, na mti huhama.

Mti uliokatwa leo una maji ya namna mbili: yaliyomo kwenye vijitundu vyake, na yaliyofungwa ndani ya kuta za vijitundu hivyo. Yale ya kwanza yakitoka, ubao unapungua uzito tu, umbo halibadiliki. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito mkavu, maji ya kwenye kuta huanza kutoka, na hapo ndipo ubao unaposinyaa. Tena hausinyai sawasawa. Kwa urefu ni kama hakuna. Kutoka moyoni kwenda kwenye gome unasinyaa kiasi, na kwa kufuata miviringo ya mti unasinyaa karibu mara mbili ya hapo. Ndiyo maana ubao uliopasuliwa bapa hubonyea upande uliokuwa unatazama gome. Ukiangalia kichwa cha ubao ukaona miviringo ilivyolala, unaweza kutabiri utakavyopinda kabla haujapinda. Waonyeshe vijana hili, uone watakavyokutazama.

Kuhusu hesabu yake, fanya hivi. Tuseme ubao wa aina fulani husinyaa asilimia 8 kwa upana tangu unyevu ule wa 30 hadi ukavu kabisa. Basi kila asilimia 1 ya unyevu ni kama asilimia 0.27 ya upana. Meza ya sentimita 80 ikipitia mabadiliko ya unyevu wa asilimia 4 kati ya majira ya mvua na ya jua, upana wake utacheza karibu milimita 8 na nusu. Hakuna skrubu itakayozuia hilo. Matundu ya skrubu za juu ya meza yachongwe marefu kwa upana wa meza, ili skrubu iteleze na ubao upumue.

Na kama huna kipima unyevu, kata kipande kidogo katikati ya ubao, mbali na kichwa, ukipime kwenye mizani. Kikaushe kwenye jiko kwa moto mdogo hadi uzito uache kushuka, ukipime tena. Kikiwa gramu 560 kabla na 500 baada, zimetoka gramu 60, gawanya kwa 500: asilimia 12. Hapo unaweza kutengeneza samani za ndani bila kukosa usingizi. Mbao mbichi zipange kwenye hewa, si juani, kwa vijiti vya unene mmoja kila kama nusu mita, kijiti juu ya kijiti mstari mmoja hadi juu, na vichwa vya mbao uvipake rangi maana maji hukimbilia huko na kupasua. Wazee walihesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Hesabu hiyo ni ya kukisia, hubadilika na aina ya mti na hali ya hewa, lakini itakuzuia kununua mbao Jumatatu na kutengeneza mlango Jumatano.

Sasa vijana wako.

Usiwachukue sita kwa pamoja. Watatu siku moja, watatu siku nyingine, kwa sababu macho yako mawili hayawezi kulinda mikono zaidi ya hapo. Wale walio shuleni waje baada ya masomo, na uwe mkali kwa hilo. Asiwepo hata mmoja anayeikimbia shule akitumia benchi lako kama kisingizio. Waliokwisha kuacha, benchi litawarudisha kwenye hesabu bila wao kujua. Nilimwona kijana aliyesema hesabu imemshinda akigawa ubao wa milimita 1,170 kwa rafu nne zenye unene wa milimita 20, akitafuta nafasi sawa katikati yake, akakosa mara ya kwanza kwa kusahau unene wa rafu, mara ya pili akapata. Hakusema kitu. Aliandika jibu kwenye kiganja na kwenda nalo nyumbani. Katika hao sita hukusema kama kuna msichana. Kama kuna dada yao anayesimama nyuma ya kundi, mwite mbele. Randa iliyonolewa haitaki misuli, inataka usikivu.

Siku ya kwanza mfundishe mmoja mmoja kupiga randa ukingo wa ubao. Usihutubu. Bana ubao, mpe randa, mwambie apapase ubao kwa vidole kwenda na kurudi, kama unavyompapasa paka: upande mmoja manyoya yanalala, upande mwingine yanasimama. Kisha aende na yanakolala. Mara ya kwanza randa itaruka na kung'oa. Hapo mkono wako utawasha kutaka kumnyang'anya. Uweke mfukoni. Muulize: "Umesikia sauti gani?" Randa ikienda vizuri inatoa mlio mmoja mrefu, kama karatasi inayochanwa taratibu. Ikienda kinyume na nyuzi inagugumia na kukatakata. Mwache ageuze ubao mwenyewe, ajaribu, asikie tofauti. Siku atakayotoa ganda moja la ubao, refu, jembamba, lisilokatika tangu kichwa hadi kichwa, ataliviringisha kidoleni na hatalitupa. Sijawahi kumwona aliyelitupa.

Jambo la pili, wasikae mno kwenye mazoezi matupu. Wewe mtu mzima unaweza kutengeneza viungo ishirini vya kupasua kwa sababu unajua unakwenda wapi. Kijana wa miaka 14 anataka kitu kizima cha kupeleka nyumbani. Hili lilifikiriwa zamani na watu makini. Ufini iliingiza kazi za mikono katika masomo ya lazima ya shule za msingi mwaka 1866, kwa juhudi za mwalimu Uno Cygnaeus, na baada yake Otto Salomon akawa anafundisha walimu kazi hiyo huko Nääs, Uswidi. Salomon alipanga vitu vidogo vya kutumika nyumbani, kutoka chepesi kwenda kigumu, kila kimoja kikidai ujuzi mmoja mpya, na kila kimoja mtoto akimalize mwenyewe. Nimeufuata mpango huo kwa vijana wengi na sijaona bora zaidi. Kwa hao wako, ningeanza na kijiti cha kuchorea mistari kilichonyooka kweli, halafu nyundo ya mbao, ambayo ndani yake kuna ulimi na tundu, halafu stuli, halafu sanduku la zana. Kufikia hapo ana zana mbili alizotengeneza mwenyewe, stuli ya kukalia, na chombo cha kuwekea zana hizo.

Watakosea. Ndiyo maana ya yale mabaki. Pale karakana yangu kuna boksi la vitu vilivyoharibika, na stuli yangu ya kwanza imo, mguu mmoja mfupi. Kijana akikosea, anakaa nacho kidogo, anatafuta ni hatua gani ilizaa kosa, anaandika juu ya ubao kwa penseli: "nilikata upande wa ndani wa mstari", kisha anakiweka humo. Kosa lililoandikwa halirudi mara nyingi. Lililofichwa linarudi na mteja.

Sasa mambo ambayo sitayalegeza hata kidogo. Mashine zenye umeme, hasa msumeno wa duara na randa ya mashine, vijana wako wasiziguse. Mkataba wa 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka umri wa miaka 18 kuwa kiwango cha kazi za hatari, na sheria za nchi nyingi zimejengwa juu yake. Hata anayetimiza 18 leo hajui mashine kwa kutimiza umri. Anakaa nawe kwanza. Zana za mkono zinatosha miaka miwili ya kujifunza, na anayejua kunyoosha ubao kwa randa ya mkono akifika kwenye mashine anaielewa siku hiyo hiyo. Vumbi nalo watu wanalidharau kwa sababu halitoi damu. Tangu 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya puani. Wewe unayepiga msasa kutwa ndiye uliye hatarini kuliko wote. Vaa barakoa inayobana, fanya kazi hiyo nje au penye upepo, fagia ukiwa umenyunyizia maji. Nimezika rafiki aliyekuwa akicheka barakoa. Sijui kilichomuua, lakini kikohozi chake nakikumbuka.

La pesa ni la heshima. Kufundisha hugeuka kirahisi kuwa vibarua vya bure, na fundi mwenyewe huwa wa mwisho kugundua. Sheria yangu ni fupi: kitu alichotengeneza mwanagenzi kwa ajili ya kujifunza ni chake. Kikienda kwa mteja, kijana analipwa, hata kama ulirekebisha nusu yake. Na atakayekaa nawe kila siku, mwandikieni makubaliano, mzazi akiwepo: muda, saa, atakachofundishwa, atakacholipwa, nani anabeba gharama akiumia. Pendekezo namba 208 la shirika hilo hilo, la mwaka 2023, linahusu uanagenzi peke yake na linadai mambo ya namna hii. Nawe jidai haki hiyo hiyo kwa fundi wako. Miaka miwili ya kupiga msasa ni kazi, na ina bei.

Uliuliza ufundi kamili unafika lini. Uingereza sheria ya mwaka 1563 iliweka uanagenzi wa miaka saba kwa uchache. Ujerumani leo seremala wa samani husomea miaka mitatu, karakana na shule kwa pamoja, na wapo wanaofuata desturi ya kale ya kusafiri miaka mitatu na siku moja baada ya kufuzu, bila kukaribia kwao, wakifanya kazi kwa mafundi tofauti. Miaka inatofautiana, lakini hilo la kutembea naliamini sana. Ukishatengeneza milango yako kumi ya kwanza, muage fundi wako kwa adabu, kafanye miezi sita kwa mwingine, kisha kwa mwingine tena. Kila karakana ina kosa lake ambalo wote waliomo wanadhani ndiyo njia. Cheti kikipatikana kichukue, kitakufungulia zabuni na mikopo. Mbao hazitakiuliza.

Nimebakiza yule mzee. Zana zake pokea kwa mikono miwili. Kutu ya juu isikutishe, inatoka kwa mafuta na msasa. Kinachouwa randa ni ufa kwenye chuma na uso wa chini uliopinda. Mpini uliooza ni somo zuri la kijana. Lakini kosa litakuwa kuchukua zana na kumwacha mwenyewe nyumbani. Kuna hekalu la Ise huko Japani ambalo limekuwa likijengwa upya, la mbao, tangu mwaka 690, mara moja kila miaka 20 katika desturi ya sasa, na lililosimama leo lilikamilika 2013, likiwa la 62. Katika mzunguko huo mtu anaweza kuingia akiwa kijana wa kubeba na kuangalia, akarudi akiwa fundi mwenye mikono yake, akarudi tena mzee anayesimamia na kuonya. Vizazi vitatu chini ya paa moja, na ujuzi haupitii kwenye karatasi. Wewe una mzee, una vijana, na upo katikati. Mwekee kiti karibu na jiriwa, penye mwanga. Usimpe kazi ya kufundisha rasmi, itamchosha; mwache akae, vijana wakikosea atasema mwenyewe. Wewe utajifunza kwake zaidi ya wao, na wakikuona unauliza, watajua kuuliza si aibu. Hofu yako ya kutoiva itapungua hapo hapo mlipo, mbele yao.

Jumamosi hii, kabla ya kuita kijana yeyote, noa patasi tatu kwa jinsi nilivyokueleza na kata viungo vyako vitano vya kwanza. Vipasue. Kimojawapo kikiwa kimekaza ndani pande zote, waite watatu wa kwanza Jumatatu, uanze nao kwenye kinoo. Na fundi wako akikubali kukupa mabaki, niandikie ni mbao za mti gani na zina unene gani, nikuambie zilale kwenye vijiti kwa muda gani kabla hujaziamini.